Hita ya sola haipashi maji vizuri? Tafuta chanzo kabla ya kufungua kitu

Dodoma ina jua la kutosha kuipa kila nyumba maji ya moto mwaka mzima. Mita moja ya mraba ya paa hapa hupokea, kwa wastani wa siku, yuniti 5 hadi 6 za nishati, yuniti zilezile za umeme tunazonunua kwa LUKU. Kwa hiyo kama nyumba ya Ilazo, Nzuguni au Iyumbu ina hita juu ya paa na bado ikifika Juni watu wanarudi kuchemsha maji kwenye sufuria, kuna mahali joto linapotea, na mahali hapo panaweza kupatikana. Mara nyingi unachohitaji ni kipimajoto, ngazi imara na subira ya siku moja.

Inaniuma kuona familia inanunua hita ya pili wakati ya kwanza ilihitaji kusafishwa tu, au kugeuzwa itazame kaskazini. Fundi mzuri atakusaidia, lakini hata yeye atafanya kazi kwa haraka na kwa gharama ndogo ukimpa dalili sawasawa. Ukimwambia "fundi, hita haifanyi kazi", hujamwambia kitu. Ukimwambia "jioni maji yana nyuzi 55, alfajiri yana 30", umeshamwonyesha pa kuanzia.

Anza na saa

Hita ya sola ina kazi nne: kupokea jua, kuzungusha maji kati ya paneli na tangi, kutunza joto usiku, na kuyafikisha maji bafuni. Kazi yoyote ikiharibika, dalili yake hujitokeza kwa saa yake. Ndiyo maana nashauri upime kwanza, ndipo upande juu.

Chagua siku isiyo na mawingu. Asubuhi watu wakishaoga, waombe wote nyumbani wasifungue maji ya moto hadi jioni. Saa kumi na moja jioni pima joto la maji kwenye bomba lililo karibu zaidi na tangi. Kinga kwenye kikombe, kisha tumbukiza kipimajoto. Usikinge kwa mkono, kwa sababu maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ndani ya sekunde chache. Andika namba. Nenda bafuni, acha maji yatiririke hadi joto lisipande tena, pima, andika. Watu wakimaliza kuoga, yapata saa tatu usiku, pima tena karibu na tangi kisha funga koki ya maji ya moto yanayotoka tangini. Saa kumi na mbili asubuhi ifungue, yaache yale yaliyolala kwenye bomba yapite, na upime kwa mara ya mwisho.

Namba hizo zitakuelekeza. Kama jioni tangi halijavuka nyuzi 50 baada ya siku nzima ya jua, tatizo liko kwenye kupokea au kuzungusha. Kama jioni maji yalikuwa ya moto lakini kati ya saa tatu usiku na alfajiri yameshuka kwa zaidi ya nyuzi 10, joto linavuja usiku. Kama tangini ni moto wakati wote ila bafuni ni vuguvugu, usiguse kitu chochote juu ya paa. Ubovu uko kwenye mabomba au kwenye koki zako za ndani.

Jioni maji ya tangini ni vuguvugu

Hapa anza na hesabu, maana hita nyingine hazina ubovu wowote, ni ndogo tu. Kupandisha lita 200 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunahitaji yuniti 9.3. Paneli bapa moja, yaani lile sanduku la kioo lenye njia nyembamba za maji ndani, yenye mita 2 za mraba, ikipokea yuniti 5.5 kwa kila mita na kugeuza nusu yake kuwa joto la maji, inakupa yuniti 5.5 kwa siku. Nishati hiyo itayapandisha maji yako kwa nyuzi kama 24, yaani kutoka 20 yaishie 44. Hapo hakuna cha kutengeneza. Uliuziwa tangi kubwa kwa paneli ndogo.

Wengi hudhani tangi likiwa kubwa ndiyo raha zaidi. Fikiria watu wanne wanaooga lita 40 kila mmoja, maji ya nyuzi 40. Kama tangi lina maji ya nyuzi 60 na maji ya baridi yana nyuzi 20, kila lita ya moto unaichanganya na lita moja ya baridi, kwa hiyo familia nzima inatumia lita 80 tu za moto. Tangi la lita 100 lenye joto la kweli litawahudumia vizuri kuliko tangi la lita 200 lenye maji ya vuguvugu. Kama tangi lako ni kubwa mno, ongeza paneli ya pili. Ni nafuu kuliko kubadilisha kila kitu.

Hesabu ikikubali na maji bado ni vuguvugu, angalia hita inatazama wapi. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa Ikweta. Mwezi Juni jua la mchana hupita upande wa kaskazini, kama nyuzi 30 kutoka utosini. Desemba hupita upande wa kusini, kama nyuzi 17. Maji ya moto tunayahitaji zaidi Juni na Julai, kipupwe kinapobana na alfajiri hewa inashuka hadi nyuzi 13 au 14, kwa hiyo paneli inapaswa kutazama kaskazini. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, nyumba zimejengwa kwa kasi kubwa, na hita nyingi zimefungwa zikitazama barabarani kwa sababu zinapendeza, au zimelazwa tu kufuata mteremko wa bati. Paneli iliyoinamishwa nyuzi 25 kuelekea kusini hupokea, mchana wa Juni, chini kidogo ya asilimia 60 ya jua la moja kwa moja linalopokelewa na paneli iliyoinamishwa vilevile kuelekea kaskazini. Hita ya aina hiyo itafanya kazi vizuri Desemba na kukuangusha Juni, na mwenye nyumba ataamini kwamba imeharibika. Dira ya simu inatosha kukuonyesha. Hita inayotazama mashariki au magharibi haina hasara kubwa kiasi hicho. Inapoteza jua la nusu moja ya siku na kufidia kwa sehemu katika nusu nyingine.

Kivuli nacho huhama na msimu. Mwarobaini ulio kaskazini mwa nyumba, ambao Desemba haukugusa hita hata kidogo, Juni unaweza kuifunika asubuhi nzima. Tawi lililozidi paneli kwa mita 4 hutupa kivuli cha mita 2.3 hivi jua likiwa kileleni mwezi Juni, na kama mita 7 saa tatu asubuhi. Kumbuka pia kwamba kwetu jua halifiki kileleni saa sita kamili. Juni hufika baada ya saa sita na nusu, kwa hiyo saa zenye faida ni kuanzia saa tatu na nusu hadi saa kumi hivi. Panda juu katika saa hizo, mara tatu kwa siku moja, uone kivuli kiko wapi. Usimlaumu fundi aliyefunga hita miaka mitano iliyopita kama ghorofa ya jirani imesimama mwaka huu.

Vumbi ni jambo la haraka. Upepo wa Agosti hadi Oktoba unaacha tabaka jekundu juu ya kioo, na hakuna mvua ya kuliosha hadi Novemba au Desemba. Osha kwa maji na kitambaa laini, asubuhi kabla kioo hakijapata moto.

Kama hita yako ni ya mirija ya vioo, angalia kitako cha kila mrija. Mrija mzima ni kioo cha tabaka mbili kilichoondolewa hewa katikati, na chini kabisa una rangi ya fedha inayong'aa. Rangi hiyo ikigeuka nyeupe kama chokaa, hewa imeingia na mrija umekufa, hata kama hauvuji tone. Njia nyingine ni kuugusa mchana: mrija mzima hubaki wa baridi kwa nje ingawa ndani maji yanakaribia kuchemka, lakini uliokufa utausikia una joto. Mmoja kati ya 20 hautaubaini kwenye maji ya kuoga. Minne au mitano utaibaini. Mirija huuzwa mmoja mmoja, na urefu wa milimita 1800 kwa kipenyo cha milimita 58 ndio unaopatikana kwa urahisi madukani, lakini pima wako kabla ya kwenda kununua.

Jambo la mwisho katika dalili hii ni maji yanayomwagika polepole kutoka kwenye bomba la kupumulia, lile lililosimama juu ya tangi. Hapo boya la kitangi kidogo cha kujazia limeshindwa kufunga, na maji ya baridi yanaingia mchana kutwa huku ya moto yakimwagika juu ya bati. Angalia michirizi ya chumvi nyeupe kwenye bati chini ya hita. Boya ni kifaa cha bei ndogo. Ila usije ukaziba bomba hilo ili lisimwagike. Mvuke ukikosa njia, tangi litapasuka.

Paneli inaunguza lakini tangi ni baridi

Hii ni dalili ya paneli bapa, ambayo maji yake huzunguka yenyewe bila pampu: ya moto ni mepesi, yanapanda tangini, na ya baridi yanashuka kuchukua nafasi. Nguvu inayoyasukuma ni ndogo sana. Kitu kidogo kinaizuia.

Saa saba mchana gusa kwa tahadhari bomba la juu linalotoka kwenye paneli kwenda tangini, kisha bomba la chini linalorudi. Kama mzunguko ni mzima, la juu litakuwa la moto hadi linapoingia tangini. Kama joto linaishia katikati ya bomba, kuna hewa imenasa. Tafuta mahali bomba lilipoinuka kisha likainama tena kabla ya kufika tangini. Hapo ndipo hewa hukaa. Bomba la maji ya moto linapaswa kupanda muda wote, bila bonde wala kilima, na tangi likae juu ya paneli. Nimeona mabomba yaliyopindishwa vizuri kwa macho ili yafuate ukingo wa paa, na kila pindo likawa mfuko wa hewa. Kutoa hewa kwa kulegeza kiungo kutakusaidia kwa wiki moja au mbili. Dawa yake ni kulinyoosha bomba.

Kama bomba limenyooka na bado maji hayapandi, njia ndani ya paneli zimeziba.

Chumvi na mgao

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo hita za Dodoma zinapotofautiana na za Arusha au Mbeya.

Maji yetu mengi yanatoka ardhini, yakiwemo ya visima vya bonde la Makutupora kaskazini mwa jiji, pamoja na visima vya watu binafsi vilivyochimbwa kila mtaa. Maji ya ardhini hubeba madini, na kila mwenye birika la umeme hapa ameona ule ukoko mweupe unaojijenga chini. Ndani ya hita hutokea jambo hilohilo. Madini ya kalsiamu yaliyoyeyuka kwenye maji hugeuka kuwa chokaa maji yakipata joto, na kasi yake huongezeka sana maji yakivuka nyuzi 60. Chokaa hushika penye joto kali zaidi: kwenye kuta za njia nyembamba za paneli, ndani ya mirija, na juu ya elementi ya umeme. Inazuia joto kupita na inabana njia ya maji. Hita ambayo mwaka wa kwanza ilikuwa inaunguza, mwaka wa tatu ni vuguvugu, na hakuna kilichovunjika.

Dalili zake zinatambulika. Joto limepungua polepole, msimu kwa msimu, halikukatika siku moja. Presha ya maji ya moto imeshuka lakini ya baridi iko vilevile. Ukifungua kichwa cha shawa unakuta vipande vyeupe kama maganda ya mayai. Katika hita za mirija, utasikia wakati mwingine mlio wa kupasuka-pasuka ndani ya tangi mchana wa jua kali.

Kuisafisha hita ya mirija inawezekana nyumbani kama una mtu wa kukusaidia. Ifunike kwa turubai tangu jana yake jioni, ili asubuhi mirija isiwe na moto. Funga maji yanayoingia, toa maji yote tangini kwa koki ya chini. Toa mirija mmoja mmoja kwa kuuzungusha taratibu huku ukiusukuma juu kwanza, kisha uuchomoe kutoka chini. Mwaga matope yaliyokaa kitakoni. Utashangazwa na wingi wake. Tengeneza mchanganyiko wa unga wa asidi ya sitiriki, ule wenye ukali wa limau unaouzwa kwa watengenezaji wa juisi na jamu, gramu 50 kwa kila lita ya maji. Mrija mmoja hubeba kati ya lita 2 na nusu na 3. Ujaze, uache saa chache hadi mapovu yaishe, uutikise, usuuze. Siki nyeupe nayo inafanya kazi, ila inachukua muda mrefu zaidi. Pete za mpira zilizokakamaa zibadilishe hapo hapo, na wakati wa kurudisha paka maji ya sabuni kwenye mdomo wa mrija ili uteleze bila kulazimishwa.

Paneli bapa fungua viungo vyote viwili, ziba mdomo wa chini, jaza mchanganyiko uleule na uache mdomo wa juu wazi, kwa kuwa chokaa ikiyeyuka hutoa gesi. Baada ya saa chache sukuma maji safi hadi yatoke maangavu bila vipande.

Tafadhali usitumie asidi ya betri, wala ile dawa kali ya kusafishia vyoo. Najua mafundi wanaoitumia kwa sababu inakula chokaa kwa dakika chache. Baada ya chokaa inakula na tangi. Matangi mengi ya hita ni chuma kisichoshika kutu, na chuma hicho kina adui mmoja mkubwa, nao ni kloridi, iliyo tele ndani ya dawa ya vyoo na iliyopo pia kwenye maji ya visima vyenye chumvi. Hutoboa vitundu vidogo kwenye maungio. Kwa hiyo uliza kama hita yako ina fimbo ya magnesiamu ndani ya tangi. Fimbo hiyo huwekwa iliwe badala ya tangi. Ikishabaki kama waya, badilisha. Kwenye nyumba inayotumia maji ya kisima chenye chumvi, ningeiangalia kila mwaka.

Sasa mgao. Maji yakikatika siku mbili na simtank ikakauka, watu wanaendelea kufungua bomba la moto kwa sababu hita bado ina maji. Inaisha. Tangi linabaki tupu, maji yaliyosalia kwenye mirija yanachemka na kukauka juani, na joto ndani yake linapanda kupita kiwango cha maji kuchemka. Saa saba mchana maji yanarudi, yanaingia ya baridi kwenye kioo kinachounguza, na mrija unapasuka. Ukisikia mlio juu ya paa siku maji yaliporudi, usitafute mchawi. Mahali penye mgao weka koki kwenye bomba linaloingiza maji kwenye hita, na siku simtank inapokauka ifunge. Ifungue jua likishazama, au alfajiri kabla halijapanda. Watoto na dada wa nyumbani wafundishwe koki hiyo iko wapi, kwa kuwa maji hurudi wakati wewe uko kazini Mtumba.

Nyumba ikifungwa wiki kadhaa, kwa mfano likizo ya Desemba familia inapokwenda kwao, funika hita kwa turubai. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo tangi lisilotumiwa linaweza kuchemka siku kadhaa mfululizo na kuacha chokaa nyingi kuliko miezi ya matumizi ya kawaida.

Jioni moto, alfajiri baridi

Tangi zuri limezungushiwa povu nene kati ya ganda la ndani na la nje. Povu likilowa halizuii tena joto. Ukigusa ganda la nje usiku na kulikuta na joto upande mmoja, au ukiona maji yakidondoka kutoka chini ya ganda bila kujua yanatoka wapi, tangi la ndani au pete ya mrija inavuja. Pete inabadilishwa. Tangi la ndani lililotoboka halitengenezeki kwa muda mrefu, hata likichomelewa; hapo pesa yako iweke kwenye tangi jipya.

Kwa paneli bapa kuna sababu nyingine. Usiku wa Juni anga la Dodoma ni jeupe na kavu, na paneli hupoteza joto kwa anga haraka kuliko hewa inayoizunguka. Kama tangi limekaa sawa na paneli, au chini yake, mzunguko hugeuka: maji ya moto yanatoka tangini, yanapoa kwenye paneli, yanarudi baridi. Saa nne usiku gusa bomba linalounganisha tangi na paneli. Likiwa la moto wakati jua limezama tangu saa kumi na mbili na nusu, umepata jibu. Kitako cha tangi kiinuliwe angalau sentimita 30 juu ya ukingo wa juu wa paneli.

Kabla ya kuinua chochote hakikisha hakuna anayetumia maji usiku. Bomba la jikoni linalodondoka upande wa moto, usiku kucha, hutoa lita nyingi kuliko unavyodhani, na kila lita inayotoka huingiza lita ya baridi. Ndiyo maana nilisema ufunge koki ya tangi wakati wa kipimo. Ukiifunga na alfajiri maji yakawa bado ya moto, povu lako ni zima. Anayemaliza joto ni bomba linalovuja, au mtu anayefua usiku.

Tangini moto, bafuni baridi

Kama maji yanafika moto lakini baada ya kusubiri sana, ni umbali. Bomba la PPR, plastiki inayovumilia maji ya moto, la milimita 20 lenye urefu wa mita 20 hushika karibu lita 3 za maji yaliyopoa, na lazima yatoke kwanza. Bomba la milimita 25 hushika zaidi ya lita 4. Yakinge kwenye ndoo uyatumie, na bomba lililo juani na upepo lifunike kwa sponji ya mabomba. Angalia pia kama fundi alitumia PVC ya kawaida upande wa moto. Inalegea kwa joto, inainama kati ya nguzo, na viungo vinaachia.

Kama hayafiki moto kabisa hata ukisubiri, shuku miksa, ile koki inayochanganya maji ya moto na ya baridi. Miksa ya shawa yenye mkono mmoja, au ile yenye koki mbili na shawa ya kushika mkononi, ikiachwa wazi pande zote huku maji yamefungwa kwa kitufe cha shawa, huruhusu maji ya baridi yenye presha kubwa kuvuka na kuingia kwenye bomba la moto. Nyumba nzima inapata vuguvugu kwa sababu ya bafu moja la wageni. Kipimo chake hakina gharama: funga koki inayopeleka maji ya baridi kwenye hita na ile inayotoa ya moto, kisha fungua bomba la moto jikoni. Yakikatika baada ya sekunde chache, hakuna maji yanayovuka. Yakiendelea kutiririka, yanavuka mahali fulani. Funga miksa moja baada ya nyingine kwa vikoki vyake vya ukutani hadi yakatike, na ya mwisho uliyoifunga ndiyo yenye ubovu. Badilisha kiini chake.

Umeme wa akiba

Hita nyingi zina elementi ya umeme kwa siku za mawingu, Januari na Februari mvua zinapokuwa nyingi. Kabla ya kugusa kifuniko chake zima swichi ya hita na breka yake kwenye ubao wa umeme, kisha hakikisha kwa tesita.

Elementi ya wati 1500 huchukua saa 2 na dakika 20 hivi kupandisha lita 100 kwa nyuzi 30. Ukiiwasha nusu saa kabla ya kuoga na kulalamika, haina kosa. Kwenye mitaa iliyo mwisho wa laini umeme hushuka jioni, na volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, elementi hiyo hutoa wati kama 920 tu, kwa hiyo muda unakaribia saa 4. Iwashe mchana volti zinapokuwa juu.

Kama haipashi kabisa, pima ukinzani wake kwa mita ikiwa imetenganishwa na nyaya. Ya wati 1500 inapaswa kusoma omu 35 hivi, ya wati 2000 omu 26. Mita isiposoma kitu, elementi imekatika. Ikisoma sawa, angalia themostati, ambayo huenda imejizima yenyewe maji yalipopita kiwango na inasubiri kitufe chake kidogo kibonyezwe. Elementi iliyofunikwa na chokaa husoma sawa pia lakini haitadumu, kwa sababu joto linashindwa kutoka. Isafishe kwa mchanganyiko uleule wa sitiriki, bila kulowesha sehemu ya nyaya.

Breka ikikata kila unapowasha hita, au ukisikia mtekenyo wa umeme ukigusa bomba la bafuni, acha hapo hapo. Mara nyingi ganda la elementi limepasuka na maji yamegusa waya. Usirudishe breka kujaribu tena, usimruhusu mtu aoge, na mwite fundi umeme mwenye leseni, abadilishe elementi na apime kama waya wa ardhi wa nyumba unafanya kazi.